Neno la Siri la Fundi

Fundi wa kompyuta wa zahanati yetu hapa Tezo hupangusa kibodi kwa leso kabla ya kuigusa, kama anayempangusa mtoto kamasi. Ametega mambo yake: kila siku saa saba mafaili ya wagonjwa hujinakili, hujifunga na kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hayafunguki bila neno la siri. "Hata nikipigwa silitaji," husema kwa sauti nzito.

Jumatatu kompyuta ikaungua. Tukaleta nyingine, wagonjwa wamejaa hadi mlangoni, naye fundi yuko Marafa kwa wakweze. Muuguzi Sidi akampigia.

Akakohoa, akanong'ona, "Ni jina la mama mkwe. Kwetu mkwe hatajwi jina, mimi nalitajaje?"

"Basi mpe simu alitaje mwenyewe."

"Kahonzi," ikasema sauti kavu ya mama mkwe.

Sidi akaliandika, mafaili yakafunguka.

"Kwani nimefanya nini?" akauliza mama mkwe kwenye simu.