Perege wenye mayai

Jumamosi sokoni Kibaoni, Bwana Samaki, afisa wa uvuvi wa eneo letu, alisimama mbele ya mama mmoja muuza perege. Alipasua samaki asiyezidi kiganja, akamwonyesha mayai.

"Mama, mkiwavua huko Ziwa Rukwa kabla hawajazaa, mwakani mtavua nini?"

Mama alifuta mikono kwenye kanga. "Mwakani ni mbali, baba. Wanangu wanakula leo."

Nilidhani Bwana Samaki atamkamata. Alichukua tu wavu wa matundu madogo uliofunika beseni, akaukunja polepole.

"Chukua tu," mama alisema bila hasira. "Mume wangu atafuma mwingine."

"Najua," akajibu kwa uchovu, akaondoka nao.

Wote wawili walisema kweli, ndugu msomaji, na ndivyo samaki wanavyokwisha.