Jeneza la Bruda

Wamisionari walipofika huku Umatengo, tuliambiwa wametuletea nuru. Jua tulikuwa nalo, lakini hatukubishana. Wakatukataza ngoma, wakatufundisha kufyatua matofali, tukayabeba wenyewe hadi mlimani, maana nuru haikai bondeni. Kwenye jubilei wanasoma historia kwamba kanisa walijenga mapadre. Shingo ya mama yangu ilikuwa na historia nyingine.

Lakini nilitaka kusema habari za bruda. Ni Mzungu wa mwisho misheni kwetu, fundi seremala, mzee kunizidi. Kwao vijana hawautaki utawa tena, hata mjukuu wangu padre ndiye kapelekwa huko kuwasalisha. Ananiambia kanisani wanakuja vikongwe na baridi. Basi nuru imegeuza gari.

Bruda alijichongea jeneza mapema, akaliweka karakana, ndani akahifadhi maharage. Sasa sisi, mtu akifa ghafla, tunakimbilia huko: "Shikamoo Bruda, tuazime." Kuazima jeneza! Aliyelirudisha simjui. Yeye anamwaga maharage, analitoa, anachonga jingine. Wa mwisho kuazima ni mimi. Mama yangu, mfupi kama mtungi, kalala kwenye jeneza la Mzungu mrefu. Miguuni pangetosha mbuzi.

Mwaka jana akaja mkubwa wa shirika lao la watawa, ambaye siku hizi ni kijana wa Kingoni. Kasema wazee wote wa Kizungu wa shirika warudi Ulaya, kwenye nyumba yenye manesi. Na bruda anataka kuzikwa hapa, hata mbwa wa misheni wanajua.

"Shikamoo Bruda. Funga mizigo."

"Marahaba. Nina kazi sijamaliza."

"Kazi gani?"

Bruda akaninyooshea randa mimi niliyekaa mlangoni pa karakana. "Mama wa huyu kaondoka na jeneza langu. Nachonga jingine."

"Ulaya majeneza yapo, Bruda."

"Hayana kipimo changu."

Mkubwa akakuna kichwa. Shirika lao halimtoi mtu kwenye kazi aliyoianza. Wimbo huo tuliimbiwa sana tukiwa na matofali kichwani.

"Haya. Ukimaliza, nakufuata."

Tangu hapo sijaona seremala mvivu kama yule. Ubao uleule anaupiga randa tangu kahawa ilipochanua, na sasa tunachuma.

"Bruda, vipi?"

"Bado unakwaruza, mzee mwenzangu."

Wiki iliyopita dereva mmoja wa malori ya makaa ya mawe, Mkristo safi, katuletea kutoka Ngaka mbao zilizokwisha kurandwa, ili bruda apumzike. Nilizipokea mimi getini, nikamshukuru sana.

Nguruwe wangu sasa wana banda zuri.