Sahani ya Nne

Harufu ya limau juu ya samaki wa kuchoma imejaa jikoni kwangu, hapa Toongabbie, nami kwa mawazo nimerudi kisiwani Ugiriki. Siku ile mimi na wazazi wangu tulikuwa tumezurura vichochoro vyeupe tangu asubuhi, mpaka viatu vikanibana.

"Samaki wapo?" Mama alimuuliza mwenye mkahawa kwa Kiingereza.

"Ne, ne."

"Nne? Mbona tuko watatu!" Mama akashangaa. Baba akacheka, akainua vidole vinne. Sahani nne zikaja, na Mama akamvutia kiti yule mwenye mkahawa. Tulikula naye, mafuta ya zeituni yakitutiririka viganjani, ndipo akatueleza kuwa kwao "ne" ni ndiyo.

Leo binti yangu ameuliza kama samaki wameiva. "Ne," nimemjibu. Amesikia "nne", akaandaa sahani nne. Tuko wawili tu, lakini sijaondoa hata moja.