Kozi Nyepesi Sikuitaka

Nilizaliwa Kaloleni, Voi, nikiwa na selimundu, ugonjwa unaozifanya seli nyekundu za damu zijikunje kama mundu na kuziba mishipa midogo. Shangazi yangu, dada yake baba, alimshauri mama asinisumbue na shule. Mtoto kama huyu, alisema, hulelewa kwa amani tu. Mama alikuwa akiuza leso sokoni. Alimjibu kwamba amani ya mtoto kukaa bure haitaki nyumbani kwake, akaenda kuninunulia sare.

Nikafika chuo cha udaktari, Nairobi. Tulianza na seli: utando unaochagua kipi kipite na kipi kizuiwe, kiini kinachotunza maagizo ya kutengeneza protini, mitokondria zinazogeuza chakula kuwa nguvu. Nililipenda somo hilo kuliko yote. Kisha baridi ya Julai ikanishika. Maumivu yalianzia mapajani yakapanda mgongoni, nikalazwa, na mtihani ukafanywa bila mimi.

Nilipopata nafuu, mhadhiri wa somo aliniita ofisini kwake. Hakuwa mtu mbaya. Kiti alinivutia mwenyewe. Akasema udaktari una kukesha na kusimama kutwa, na mwili wangu umeshatoa jibu. Afadhali nihamie kozi nyepesi. Nilimwambia nataka mtihani wa marudio. Akasema basi utakuwa wa mdomo, mbele yake na mwenzake.

Nilipanda treni nikarudi Voi kujiandaa. Joto la nyumbani lilinilegeza viungo, lakini siku hiyohiyo shangazi akaja. "Wifi, mimi nilisema," akamwambia mama. Mama alimmiminia chai. Alipoondoka, mama aliniambia nisome kwa sauti. Nikasoma, yeye akikunja leso zake, na kila nilipobabaika alinikatiza.

"Anza tena. Hapo mimi sijaelewa, na wewe hujaelewa."

Nilikasirika mara nyingi. Nikaanza tena.

Siku ya mtihani nilivaa sweta mbili. Mtahini wa pili, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliniuliza kuhusu utando na mitokondria, nikajibu, ingawa swali moja lilinishinda na nilikiri. Ndipo mhadhiri akauliza kwa nini seli nyekundu ikiharibika haiwezi kujitengeneza. Nilijua kwa nini amelichagua swali hilo.

Nilieleza kwamba seli hiyo ikikomaa hukitoa kiini chake ili ipate nafasi zaidi ya kubebea oksijeni. Bila kiini haina maagizo, na bila maagizo haiwezi kutengeneza protini mpya. Nikaendelea bila kuulizwa: katika damu kama yangu, kiungo kimoja tu cha protini ya himoglobini kimebadilika. Oksijeni ikipungua, himoglobini hushikana na kuwa nyuzi, na nyuzi hizo huukunja utando. Oksijeni ikirudi, seli huweza kunyooka. Ikikunjwa mara nyingi, hainyooki tena.

Mhadhiri alivua miwani. "Unayajua yote haya, na bado unataka kubaki?"

"Mwalimu, nimekuja kufanya mtihani," nikasema. "Ushauri wa kozi sikuuomba."

Yule mtahini wa pili aliinamia karatasi yake. Nadhani alikuwa anaficha tabasamu, sina hakika.

Nilipita, kwa alama za kawaida tu. Mwaka wa tatu nililazwa tena, nikakosa masomo, nikarudi darasani na kukaa mstari wa mbele. Mhadhiri yule tukikutana hunisalimu kwa adabu, nami huitikia. Idi iliyopita shangazi aliniuliza kama bado nasoma. Nikamwambia ndiyo, na nikimaliza nitasomea magonjwa ya damu. Akasema hiyo ni miaka mingi.

"Najua, shangazi," nikamwambia, nikamsogezea sahani ya pilau.