Balozi Mlangoni kwa Mama Nambozo

Sikuondoka Nairobi kwa kupenda. Mzee Dieter, balozi mstaafu wa Ujerumani ambaye mimi ni dereva wake, alisema ana neno la kumwambia mama mmoja huko Mbale kabla hajafa. Mimi ni mwoga, sifichi, lakini kumkatalia mzee sikuweza.

Tulilala Jinja. Asubuhi akataka kwanza tulione daraja la Nile, nami nikaegesha mbali, maana askari hawapendi gari lisimamesimame pale. Akanieleza kwamba kazi yake ya ubalozi ilianzia Kampala, akiwa kijana, enzi za utawala wa kijeshi. Siku moja wanajeshi walisimamisha gari lake darajani hapo wakamshusha dereva wake, Masaba. Yeye, mwenye pasipoti ya kidiplomasia, akaamriwa aondoke.

"Nikaondoka," alisema. "Nyuma nikasikia risasi. Nilinyamaza, nikapandishwa cheo, hadi nikawa balozi."

"Na mke wa Masaba?"

"Ndiye mama tunayemwendea Mbale. Anajua tu kwamba mumewe hakurudi."

Alasiri tulifika mtaa wa Namakwekwe, Mbale. Mzee akabisha mwenyewe mlangoni kwa yule mama, kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Hodi! Fungua mlango." Aliyekuwa akichoma mahindi uani aliacha jiko lake akaingia ndani, na nyuma ya mlango tukasikia komeo likisukumwa.

Muuza mitumba mmoja, Mkenya mwenzangu, alituita pembeni. "Wazee wa hapa, Kiswahili cha mlangoni walikijua kwa wanajeshi waliokuja kukamata watu. Mwambie mzee akae chini. Wanajeshi wale hawakuwa wanakaa."

Balozi akaketi vumbini, suti na yote. Baada ya muda mrefu mlango ukafunguka kidogo, akachungulia mama mwenye mvi.

"Nyinyi natafuta nani?"

Mzee alimweleza yote bila kuficha. Wanaume wa ukoo wa Masaba walikuwa wameanza kujaa uani, wala hakuna aliyetusalimu. Nikapima kwa macho umbali wa kufika garini.

"Uliona yeye anakufa?" Mama Nambozo aliuliza.

"Nilisikia risasi, mama. Sikugeuka."

"Basi kesho tunazika. Wewe ndiyo nabeba."

Huko, mwili usipopatikana, huzikwa kipande cha mgomba. Ukoo ulitaka kufanya hivyo zamani, lakini mama alikataa mpaka aje mtu aliyekuwa na mumewe siku ile.

Kesho yake mzee aliubeba mgomba uliofungwa shuka hadi kaburini, akatakiwa kusimulia tena mbele ya wote. Alipofika kwenye "sikugeuka", shemeji mmoja wa mama, mwenye jembe, alisogea nyuma yake. Nilifumba macho.

"Wacha yeye," mama alisema. "Yeye peke yake amekuja."

Tulirudi kwa njia ya mpaka wa Malaba. Nilichojifunza kwa majirani ni kwamba mama yule hakuwa amemlilia mumewe hata siku moja, maana kumlilia mtu ambaye huenda yu hai ni kumwitia kifo. Pale kaburini, udongo wa kwanza ulipougusa mgomba, alipiga kilio cha mtu aliyefiwa asubuhi ile.