Bibi Alipoacha Kunisemesha

Mwezi uliopita nilipita mbele ya shule yangu ya zamani kule Evere, ughaibuni nilikokulia, nikashuka basi kabla ya kituo changu. Juu ya lango wamechora salamu za lugha nyingi, na miongoni mwake, kwa rangi ya buluu, ipo ya kwetu: "Karibu". Ungetarajia, rafiki msomaji, kwamba nilifurahi. Niliinamisha uso kwa haya.

Utotoni mwangu Jumamosi ilinukia sombe, mboga ya majani ya muhogo. Bibi yangu, mzaliwa wa Bukavu, aliinunua kwenye maduka ya barabara ya Chaussée de Wavre, na wakati inachemka tuliketi jikoni kuchambua maharagwe, huku akinihadithia vituko vya wasusi wa nywele wa jumba la maduka la Galerie d'Ixelles na kuigiza sauti ya kila mmoja. Kicheko chake kilitangulia hadithi. Mara nyingi hadithi yenyewe haikufika mwisho.

Kisha nikatamani kuingia katika darasa la lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi. Nililililia darasa lile. Mkuu wa shule, tuliyemwita directrice, alimwita mama yangu, akamweleza kwa upole kwamba nafasi ipo, ila lugha ya tatu ingenilemea. Nyumbani tuzungumze Kifaransa tu. Mama alipofikisha ujumbe huo, bibi, ambaye Kifaransa chake kiliishia kwenye bonjour na merci, aliacha kuchambua.

"Bon, sasa miye nitasemesha mutoto na nini? Na macho?"

Tulicheka. Hatukutambua kwamba alikuwa anauliza kwa dhati. Kwao Bukavu, neno la mkuu wa shule lilitiiwa hata pale ambapo mkuu mwenyewe hakuwapo kuona. Tangu siku ile aliniita kwa kidole na kunionya kwa nyusi, na jikoni ikabaki sauti ya maharagwe yakidondoka sufuriani.

Jirani yetu Mrundi alimtania: "Maman, umemeza ulimi?"

"Ulimi iko," alijibu bibi. "Directrice ameifunga, mutoto asome."

Darasani niliketi na msichana ambaye kwao walizungumza Kiingereza. Siku moja, langoni, nilimsikia mkuu yuleyule akimsihi baba wa msichana huyo asiiache lugha hiyo kamwe. Ni utajiri, alisema. Nilikimbia hadi nyumbani, nikamweleza bibi yote kwa lugha yake mwenyewe, nikidhani nimemletea ufunguo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Ile ni luga ya wakubwa. Yetu ni ya jikoni."

Akaniwekea kidole mdomoni. Kilikuwa na vumbi la maharagwe.

Haya niliyoiona machoni pake jioni ile ndiyo niliyoirithi, na ndiyo iliyoniinamisha chini ya lile neno la buluu. Bibi alifariki kabla sijamaliza shule. Kiholanzi nilikipata, na hati yake ninayo. Kiswahili hiki unachokisoma nilijifunza ukubwani, vitabuni, kamusi ikiwa mkononi. Kimenyooka. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniita mjukuu kwa Kiswahili hiki.