Harmoniki za Amplifaya Mbovu

Binti wa dada yangu alitaka kitu kimoja: mémoire yake ya fizikia, yaani tasnifu ya kumaliza chuo, ipate distinction, daraja la juu. Bila hiyo, idara isingemchukua kuwa msaidizi wa mwalimu. Mimi natengeneza redio na amplifaya hapa Kisangani; fizikia nimejifundisha mwenyewe, kwa makala ninazopakua na kuzisoma polepole. Kwa hiyo alinijia.

Aliandika kuhusu mapigo mafupi mno ya leza yanayopita kwenye gesi ya argoni. Nguvu ya mwanga huo huing'oa elektroni kutoka kwenye atomi, huivuta nje, kisha hugeuka na kuirudisha kwa kishindo. Ikirudi, hutoka mwanga mpya unaotetemeka mara kadhaa zaidi ya ule wa leza. Mitetemo hiyo ya mara kadhaa ndiyo harmoniki. Leza ya namna hiyo hatuna. Alieleza yaliyopimwa kwingine.

Nilitaka aione kwa macho. Mezani palikuwa na amplifaya ya kanisa, iliyoletwa kwa matengenezo. Niliipa mlio mmoja, nikaupandisha hadi ikakwaruza, nikamwonyesha vilele vya harmoniki zake kwenye kioo cha osiloskopu, chombo cha kuchanganua mitetemo.

"Mara mbili, mara tatu, mara nne. Unaona?"

"Donc tonton, atomi iko sawa na amplifaya ya wachungaji?" Alicheka.

"Sawa kabisa. Chora."

Akachora vilele hivyo kwenye mémoire, kama vya argoni. Nakala zikaenda kujalidiwa.

Siku tatu kabla ya utetezi wake, ile soutenance mbele ya walimu, niliifungua ile amplifaya. Transista zake mbili hufanya kazi kama watu wawili kwenye msumeno mmoja: huyu akivuta, yule anavuta upande wake. Nguvu zikilingana, harmoniki za shufwa, mara mbili na mara nne, hufutana na hubaki za witiri tu, mara tatu na mara tano. Moja ilikuwa imechoka. Vilele vya mara mbili na mara nne vilitokana na ubovu huo. Argoni haina upande dhaifu; hutoa za witiri tu. Molekuli zenye ncha zisizolingana, zikielekezwa upande mmoja, zinaweza kutoa za shufwa, lakini yeye hakuandika juu ya hizo.

Nilijua papo hapo kwamba mchoro ulikuwa na kosa. Nikafunga kifuniko. Nilijiambia kuwa hakuna atakayeukagua.

Mwalimu mmoja wa jury aliukagua.

"Mademoiselle, hii harmoniki ya pili imetoka wapi?"

Binti aligeuka akanitazama. Nilikuwa safu ya tatu ya ukumbi, nimeshika kopo la poda ya kumwagia mhitimu. Niliinamisha kichwa, nikasoma maandishi ya kopo.

"Ni kosa langu, professeur," akasema.

Alifaulu bila distinction. Nje tulimmwagia poda kichwani, kama desturi. Nami nilimwaga.

Wiki iliyofuata alileta kurasa alizosahihisha. "Tonton, angalia kama sasa iko bien."

Kwenye ukurasa wa shukrani nilikuwa wa kwanza.

"Uniondoe hapa."

"Juu ya nini? Bon, tulikosea, basi."

"Mimi nilijua. Siku tatu mbele ya soutenance."

 Feni ya meza ilizunguka kati yetu.

"Kukosea, ningecheka," alisema. "Lakini siku tatu, tonton! Ningebandika hata kikaratasi cha kusahihisha."

Nilimsogezea ukurasa. Alichukua kalamu yangu na rula, akalikata jina langu kwenye shukrani, pole pole, kwa mstari ulionyooka, jinsi nilivyomfundisha.